Uzito wa Pigo

Pigo moja la upanga mkubwa katika gemu ya Elden Ring halimalizi hata sekunde mbili, lakini aliyelitengeneza ameligawa sehemu tatu na kila sehemu akaipa urefu wake. Kwanza upanga unainuliwa: mabega yanajikunja, goti la mbele linalegea, na muda huo wote mhusika wako hawezi kujikinga wala kukimbia. Halafu unashuka, na hapo ndipo penye madhara, fremu chache tu ambazo chuma kinaweza kuumiza. Mwisho upanga umegonga ardhi na mhusika anauvuta ili asimame tena sawasawa, mwili ukiwa wazi, bila kinga. Ukibonyeza kitufe umezichukua zote tatu kwa pamoja. Hupewi pigo ukasamehewa gharama yake.

Kubuni mapigano ya silaha za mkono katika gemu za ulimwengu wazi, zile ambamo unakabidhiwa nchi nzima ya kufikirika yenye milima, magofu na mazimwi ukaachwa uende utakako, ni kazi ninayoipenda sana na ambayo naona haijapewa heshima yake. Hapa kwetu gemu ikitajwa watu hufikiria mpira. Wanaojua zaidi husifu picha: machweo, maji, manyoya ya farasi. Lakini picha huzoeleka baada ya saa moja. Pigo ndilo utakalokaa nalo saa mia, na likiwa bovu, nchi yote iliyojengwa kulizunguka hugeuka kuwa safari ndefu kutoka ugomvi mmoja wa kuchosha hadi mwingine.

Malighafi ya fundi wa mapigo ni muda. Skrini ikionyesha picha 60 kwa sekunde, kila picha, yaani kila fremu, hukaa machoni karibu milisekunde 17. Mtu wa kawaida akiona kitu cha ghafla huhitaji takriban robo sekunde ndipo kidole chake kiitikie, na robo sekunde ni fremu 15. Hesabu hii fupi ndiyo inayotenganisha mtihani na uonevu. Adui anayekupiga ndani ya fremu 8 hajakupima chochote, kwa sababu hakuna binadamu angeweza kumwona na kumjibu. Kwa hiyo mbunifu mwenye adabu humpa adui maandalizi marefu kuliko robo sekunde, yanayoonekana wazi begani, kiunoni na miguuni. Akishayapata hayo, anaanza kuyachezea.

Margit, adui anayezuia njia ya kuingia ngome ya Stormveil katika Elden Ring hiyo hiyo, huinua fimbo yake na kuishikilia hewani kupita ulivyotarajia. Mchezaji mwoga hujiviringisha mapema, anamaliza kujiviringisha, na fimbo inamkuta akiinuka. Anayesubiri mpaka bega lishuke hupita chini ya pigo bila kuguswa. Hidetaka Miyazaki na wenzake wa FromSoftware wamekuwa wakilijenga somo hili tangu Demon's Souls ya 2009 na Dark Souls ya 2011: wanakufundisha kutazama, na wanatumia woga wako mwenyewe kama mwalimu.

Kuna ufundi mwingine mdogo ambao mtu anaweza kucheza maisha yake yote asiutambue. Chuma kinapogusa mwili, picha husimama kwa fremu chache. Mpigaji anaganda, anayepigwa anaganda, kisha vyote vinaendelea. Jicho halioni kwamba picha imesimama, bali mkono ndio unaohisi kuwa umegonga kitu kizito. Ufundi huu hutumika sana katika gemu za kupigana ana kwa ana, na Masahiro Sakurai, Mjapani aliyebuni Super Smash Bros., ameueleza hadharani kwa uvumilivu wa mwalimu wa shule. Uondoe, na upanga ule ule, wenye mchoro ule ule na sauti ile ile, utapita katika mwili wa adui kana kwamba adui ni moshi. Uzidishe, na mapigano yatakwama kwama. Kati ya hapo na pale ni tofauti ya fremu mbili au tatu, na kuna mtu aliyekaa ofisini siku nzima akizipunguza na kuziongeza mpaka zikakaa.

Katika chumba kimoja cha PS mtaani Langa Langa, hapa Nakuru, karibu skrini zote huwa za mpira. Kwenye ile ya pembeni kuna kijana anayelipia saa yake kupigana na Tree Sentinel, yule mpanda farasi wa dhahabu anayezunguka karibu na mahali Elden Ring inapoanzia. Kelele za wanaofungana magoli zinafunika kila kitu, hivyo hasikii kwato wala mlio wa silaha. Anasoma kwa macho matupu. Farasi akiinua kichwa, yeye anaachia kitufe. Shoka la mpini mrefu likirudi nyuma ya bega, anajiviringisha kuelekea kwa farasi, si mbali naye, kwa kuwa ameshajua kwamba ncha ya silaha ndefu huumiza kuliko shina lake. Anapiga mara moja tu, kisha anatoka. Ukiwatazama wachezaji wengi utaona kwamba wageni hubonyeza sana na wazoefu hubonyeza kidogo. Huyu hubonyeza kidogo sana.

Ninachokistahi hapo ni kwamba hakuna maandishi yaliyomwambia afanye hivyo. Yote ameyapata kwenye mwili wa farasi wa kuchorwa. Aliyemchora farasi huyo ni kama alijua kuwa kuna wachezaji watakaokuwa katika chumba chenye kelele, au wasiosikia kabisa, na akahakikisha kwamba kila onyo linalotolewa kwa sauti linatolewa pia kwa umbo. Na jambo la pili: kijana halazimiki kupigana naye. Angeweza kumzunguka kwa mbali, akaenda zake, akarudi baadaye akiwa na farasi wake mwenyewe na silaha bora. Hilo la pili ndilo linaloufanya ulimwengu wazi uwe mgumu kuliko gemu nyingine zote.

Katika gemu ya njia moja, mbunifu anajua utafika chumba hiki ukiwa na silaha hii, kupitia mlango huu. Anaweza kuweka nguzo mahali utakapohitaji kujificha na kuacha nafasi pale utakapohitaji kukimbia. Katika ulimwengu wazi hajui chochote. Utakuja kutoka kusini au utashuka mlimani, usiku au mvua ikinyesha, umeshika kisu au nyundo, na nyuma yako kuna mbwa mwitu watatu uliowachokoza njiani. Hawezi kukupangia ugomvi. Anachoweza ni kutengeneza pigo lenye ukweli wake lenyewe, litakalosimama popote litakapoangukia. Ndiyo maana nasema kwamba katika gemu hizi ufundi wote hurudi kwenye kipimo cha pigo moja.

Safari ya kufika hapa imekuwa ndefu. Katika Morrowind, ya kampuni ya Bethesda, iliyotoka 2002, uliweza kusimama mbele ya panya, ukamkata kwa shoka, ukaona shoka likimpitia, na gemu ikakwambia umekosa, kwa sababu ndani kwa ndani kulikuwa na bahati nasibu iliyorushwa kama dadu na ujuzi wako wa shoka haukutosha. Macho yalisema hivi, hesabu ikasema vile. Oblivion ya 2006 iliondoa dadu hiyo: kilichoguswa kimeguswa, na ujuzi ukaamua ukubwa wa jeraha tu. Skyrim ikaja Novemba 2011 na kuongeza silaha mbili mikononi, pigo la ngao na mapigo ya kumalizia. Naipenda Skyrim kwa nchi yake. Mapigano yake, hata hivyo, yamebaki mepesi, kwani jambazi anayepigwa shoka la kifua mara nyingi huendelea kuja kana kwamba hakuna lililompata. Mwili usiojibu pigo huliua pigo lenyewe.

Wakati huohuo Wajapani walikuwa wameshapita njia nyingine. Nintendo walipokuwa wakitengeneza The Legend of Zelda: Ocarina of Time, iliyotoka 1998, walikuwa na tatizo la kumfanya mchezaji asimpoteze adui katika ulimwengu wa pande tatu. Toru Osawa na Yoshiaki Koizumi, wa timu hiyo, walikwenda kwenye kijiji cha filamu cha Toei mjini Kyoto, wakaangalia onyesho la samurai. Mmoja wa wapiganaji alirusha mundu wenye mnyororo, shujaa akaudaka mnyororo kwa mkono, ukakazika, na adui akawa anamzunguka katika duara. Hapo wakapata wazo la kumfunga mchezaji na adui kwa mnyororo usioonekana: bonyeza kitufe, na macho yako hayatoki kwake. Katika onyesho hilohilo waliona kwamba maadui wengi wakimzingira shujaa, huja mmoja mmoja huku wengine wakisubiri zamu. Gemu nyingi za panga zilizofuata zimekopa mambo haya mawili.

Ile zamu ilikuja kugeuka mzigo. Katika Assassin's Creed za mwanzo, kuanzia ile ya 2007, mlinzi mmoja alikuwa akijitokeza kwenye duara, wewe unabonyeza kitufe kwa wakati wake, na gemu inachukua usukani: miili miwili inaunganishwa katika tendo moja lililorekodiwa mapema, na mlinzi anakufa vizuri mno. Ilipendeza. Lakini urefu wa silaha haukuwa na maana, wala umbali, wala mahali uliposimama. Ulikuwa unaruhusu filamu iendelee, basi.

Assassin's Creed Origins, iliyotoka 27 Oktoba 2017, ndiyo iliyovunja mtindo huo, na hapa Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kuitazama kwa karibu. Ni gemu ya Misri ya kale, ulimwengu wazi kwelikweli, na mhusika wake mkuu, Bayek wa Siwa, aliigizwa kwa sauti na kwa mwili na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Wabunifu wa Ubisoft Montreal waliacha kuunganisha miili. Kila silaha ilivishwa umbo lisiloonekana, na kila mwili vilevile. Maumbo hayo yakigusana, pigo limepata, na yakipishana hata kwa upana wa kidole, limekosa. Badiliko hilo la ndani, ambalo halionekani kwenye tangazo lolote, liliwalazimisha watengeneze upya kila kitu. Mkuki sasa unamfikia adui kabla yeye hajakufikia. Panga mbili ni za kasi lakini zinakutaka uingie puani mwake. Rungu zito lina fremu nyingi za kuinuka, nalo likishuka hufungua kinga ya mwenye ngao. Ukipiga hewa, umepiga hewa, na aliye nyuma yako hana habari na zamu.

Tazama Bayek anavyoshika mkuki. Mkono wa nyuma ndio unaosukuma, wa mbele unaelekeza tu. Akikosa, hachomoki upesi kama mwenye upanga mfupi, maana mti mrefu una uzito wa kuurudisha. Hapo kuna kazi ya watu wengi waliokaa pamoja: mwigizaji wa miondoko aliyebeba fimbo yenye urefu unaofanana, mchoraji aliyezikata fremu za katikati ili kuchoma kuwe kwa kasi kuliko mwili wa binadamu unavyoweza, mwanaprogramu aliyeamua ni fremu ipi unaruhusiwa kubadili nia ukakwepa, na mtu wa sauti aliyetofautisha mkuki uliogonga mbao na mkuki uliogonga ngozi. Mmoja wao akilegea, wengine wote wanaonekana wazembe.

Salim hakuishia kwenye uigizaji. Alianzisha studio yake, Surgent Studios, na 23 Aprili 2024 wakatoa Tales of Kenzera: Zau, gemu iliyozaliwa na msiba wa baba yake, yenye ngano za Kibantu na hata sauti za Kiswahili. Si ulimwengu wazi. Inatazamwa kwa upande na ramani yake hufunguka taratibu. Lakini inastahili kuwemo katika mazungumzo haya kwa sababu ya barakoa zake mbili. Kijana Zau akivaa ya jua anapigana kwa karibu na kwa moto, akivaa ya mwezi anarusha vipande vya baridi kutoka mbali. Kubadilisha hakuchukui muda wowote, na katikati ya msururu wa mapigo unaweza kuhama kutoka moja hadi nyingine huku miguu ikiendelea. Mtindo mzima umekaa kingoma. Anayeijua ngoma ataona jinsi kila msururu unavyoacha nafasi ya pumzi mwishoni kabla ya kuanza upya.

Kuhusu kinga, mfano ulionifundisha zaidi ni wa Ucheki. Kingdom Come: Deliverance, ya Warhorse Studios, ilitoka 2018. Haina uchawi, imewekwa Bohemia ya mwaka 1403, na shujaa wake Henry ni mtoto wa mhunzi asiyejua kushika upanga. Anajifunza uwanjani mbele ya nahodha Bernard, na wewe unajifunza naye. Mapigo yana mielekeo, pumzi inaisha, na mtu aliyevaa chuma mwili mzima hakatiki ovyo. Yote mazuri. Kisha walikupa mbinu moja ya kumjibu adui papo hapo ukikinga kwa wakati barabara, jibu lisilokingika. Matokeo yake yalikuwa kwamba kushambulia kukawa ujinga. Mwenye akili alisimama akasubiri, na adui mwenye mbinu hiyo naye akasubiri. Zana moja iliyozidi nguvu ilinyamazisha mielekeo yote waliyoichonga kwa miaka. Katika toleo la pili, Februari 2025, mbinu hiyo imebaki kwa wenye panga, na lazima ujibu kutoka upande ulio kinyume na pigo linalokuja. Nalipenda sana sahihisho hilo. Hawakuifuta mbinu, wala hawakuongeza nyingine tano juu yake. Waliipa gharama na sharti, na ghafla watu wakaanza tena kushambuliana.

Sasa nigeukie chuma cha hapa kwetu, kwa sababu nikiangalia orodha za silaha za gemu hizi naona panga za Ulaya, katana za Japani, vitara vya Uarabuni, na sehemu yetu ya dunia haipo, ilhali sime ni silaha ambayo mbunifu makini angeitamani.

Mhunzi wa jua kali huanza na springi kuukuu ya gari au tupa iliyokwisha meno. Kwa Wamasai uhunzi umekuwa kazi ya ukoo wake maalumu, Ilkunono, na umbo lililotoka mikononi mwao ndilo linaloigwa hadi leo. Ubapa ni mwembamba karibu na mpini, kisha unapanuka ukielekea mbele, na mahali papana zaidi ni karibu na ncha. Una makali pande zote mbili na mgongo katikati. Mpini umeviringishwa ngozi, na ala ni ya ngozi iliyotiwa rangi nyekundu. Hakuna kizuizi chochote kati ya mpini na ubapa.

Ishike uinyooshe mbele yako. Inakuvuta kiganja kuelekea chini, kwa sababu uzito umekaa mbele. Upanga wa Ulaya una tufe la chuma nyuma ya mpini linaloirudisha mizani mkononi, ndiyo maana unaweza kuugeuza upesi, ukachoma, ukapangua. Sime haikuumbwa kwa kazi hiyo. Inataka kukata. Ukiianzisha inasita kidogo, lakini ikishashika mwendo inajibeba yenyewe, na kuisimamisha katikati ni kazi. Tafsiri hilo kwa fremu: mwanzo wa polepole, kati ya kasi isiyolingana na udogo wa silaha, na mwisho mrefu, isipokuwa mpigaji akiiacha izunguke na kuipokea upande wa pili kwa pigo la pili. Silaha fupi yenye tabia ya silaha nzito. Sijaiona tabia hiyo katika gemu yoyote niliyocheza.

Na kwa kuwa haina kizuizi cha kulinda vidole, huwezi kupangua nayo kwa raha, kwani chuma cha adui kitateleza hadi mkononi. Kinga ni ya ngao, na ngao ya morani wa zamani ilikuwa ya ngozi ya nyati, ndefu, yenye michoro iliyoeleza mwenyewe ni wa rika na kundi gani. Mkuki ndio uliokuwa silaha kuu. Rungu lilirushwa, sime ilisubiri kiunoni kwa ajili ya pale mkuki umeshaondoka mkononi. Huu ni mpangilio kamili wa mapigano, uliofikiriwa na watu ambao maisha yao yalitegemea kufikiri vizuri: umbali mkubwa, umbali wa kati, umbali wa pumzi kwa pumzi, na kila hatua inakugharimu silaha ya hatua iliyotangulia. Rungu ulilorusha halipo tena mpaka ukaliokote. Hebu fikiria uamuzi wa mchezaji aliyebaki na mkuki mmoja, adui wawili, na rungu lake limelala nyasini nyuma yao.

Nchi yenyewe ina kumbukumbu ya vita hivyo. Karne ya 19 makundi ya Wamasai yalipigania malisho ya Bonde la Ufa hili la kati, na Ilaikipiak walivunjwa na Ilpurko na washirika wao. Simulizi za hapa zinasema kwamba wapiganaji walioshindwa walisukumwa wakatumbukia katika kreta ya Menengai. Ukisimama kwenye ukingo wake, mita 2,278 kutoka usawa wa bahari, unaelewa simulizi hiyo kwa miguu. Mawe ya volkano yanaviringika chini ya kiatu, vichaka vya leleshwa vinakufika kifuani, na aliye juu yako hata kwa hatua mbili ana kichwa chako mkononi mwake.

Hapa ndipo naona kazi kubwa iliyobaki kwa mafundi wa ulimwengu wazi. Wamejenga milima ya ajabu, lakini mara nyingi ukianza kupigana mlimani, mlima unaacha kuwa na maana. Miguu inashika mteremko kama sakafu. Pigo la kutoka juu halina nguvu zaidi, wala la kutoka chini halichoshi zaidi. Wachache wamejaribu, na nawaheshimu kwa hilo. Mount & Blade, ya TaleWorlds ya Ankara, iliyotoka 2008, hupima jeraha kwa kasi ya wapiganaji wote wawili: ukimkimbilia mpanda farasi anayekuja kwako, mkuki wake unakuumiza zaidi kuliko ungesimama, na ukimkimbia unapunguza. Breath of the Wild ya Nintendo, ya 2017, inakuruhusu kuviringisha jiwe kwenye kambi ya maadui, na radi ikianza kunguruma silaha ya chuma mgongoni inakuwa hatari kwako mwenyewe. Dragon's Dogma ya Capcom, ya 2012, iliyoongozwa na Hideaki Itsuno, ilifanya mwili wa zimwi kuwa mlima: unampanda, unashika manyoya, unakata bawa ukiwa juu. Kila mojawapo imechukua kitu kimoja cha dunia, iwe kasi, uzito au kimo, na kukiingiza ndani ya pigo. Hakuna iliyochukua vyote, na huenda si lazima.

The Witcher 3 ya Wapolandi wa CD Projekt Red, ya 2015, nayo imenionyesha kwamba mapigano huanza kabla ya chuma kuchomolewa. Geralt ana panga mbili, wa chuma kwa binadamu na wa fedha kwa mazimwi, na kila zimwi lina ukurasa wake katika kitabu chake, wenye kueleza mafuta gani yapakwe kwenye ubapa. Jioni ya maandalizi hayo ina ladha kuliko mapigano yenyewe, ambayo nakiri yana kuzunguka zunguka kwingi kwa mapambo. Mpiganaji mzoefu hapotezi mwendo, naye Geralt hucheza mno.

Afrika haijakosa waliojaribu. Mwaka 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, gemu ya pande tatu iliyotengenezwa hapa nchini, na baadaye akaanzisha Leti Arts pamoja na Eyram Tawia wa Ghana. Kiro'o Games ya Yaoundé, chini ya Olivier Madiba, ilitoa Aurion: Legacy of the Kori-Odan mwaka 2016, yenye dunia yake ya kufikirika ya Kiafrika na mapigano ya papo kwa papo. Wote walifanya hivyo wakiwa na sehemu ndogo ya fedha ambazo Ubisoft hutumia.

Kwa kijana wa chuo kikuu cha Egerton au Kabarak anayetaka kuingia kazi hii, nchi nzima si ya kuanza nayo. Godot, programu ya kutengenezea gemu, hupatikana bure na hufanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida. Nenda kwa mhunzi na umwombe ruhusa umpige video kwa simu, fremu 60 kwa sekunde, anapopiga nyundo juu ya fuawe. Hesabu fremu za kuinua, za kushuka, na za nyundo kuruka kidogo baada ya kugonga. Utaona kuwa kuinua ni kurefu kuliko kushuka, na kwamba nyonga inaanza kabla ya mkono. Jenga pigo moja la sime kwa hesabu hizo. Lipe adui mmoja anayeyumba anapopigwa, mweke kwenye mteremko, uongeze fremu tatu za kusimama chuma kinapogusa, uzipunguze, uziongeze tena. Mpe padi mtu asiyecheza gemu umwangalie uso, usimwulize kitu. Akiinua mabega kabla ya kubonyeza, endelea na adui wa pili.